Kijani cha Malori ya Taka

Katika gereji ile hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Jicho, naye hakukataa, maana jicho ndilo lililomlisha. Ukimletea mlango wa gari uliopauka kwa jua miaka kumi, aliutazama dakika moja, akafungua makopo matatu manne, akakoroga, akapulizia kidogo kwenye kipande cha bati, akakitoa nje juani na kukilaza juu ya mlango. Ukitaka kujua bati linaishia wapi na mlango unaanzia wapi, ulihitaji kidole, macho hayakukusaidia. Siku hizi ziko mashine za kupima rangi. Jicho alizicheka. "Mashine inaisoma rangi," alisema. "Mimi naijua."

Aliyepuliza ni mdogo wake. Huyo walimwita Pafu, kwa sababu aliweza kubana pumzi kuanzia taa ya mbele mpaka taa ya nyuma, bunduki ya rangi mkononi, bila barakoa. Barakoa ilikuwepo, imetundikwa msumarini, ina vumbi kuliko gari lolote mle ndani. Pafu alisema inamtoa jasho, na jasho likidondokea rangi mbichi, kazi ya siku nzima imeharibika.

Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Jicho akisema rangi imeiva, Pafu hakuuliza mara mbili. Tangu akiwa na miaka kumi na sita, kaka yake alipomtoa nyumbani na kumpa msasa wa maji akwangue bodi, hakuwahi kumbishia juu ya rangi. Juu ya mpira walibishana mpaka mate yakawakauka. Juu ya rangi, la.

Sasa, watu wa kazi hiyo wana jambo lao moja ambalo hawaliiti ugonjwa. Ukipuliza rangi mchana kutwa, jioni ukipenga, inatoka rangi. Wiki ya gari jeupe kamasi jeupe, wiki ya bluu kamasi la bluu. Mke wa Pafu, mshonaji wa sare za shule, aliokota leso za mumewe kwenye nguo chafu na kujua mambo yote ya gereji.

"Leo mlikuwa na gari la njano."

"Nimeoa mpelelezi," Pafu alijibu.

Basi damu ilipoanza, nani angeijua?

Ilianza wiki ile waliyopaka gari la zimamoto. Pafu akapenga, akaona wekundu, akafuta kwa tambara, akaendelea na kazi. Gari la zimamoto likaondoka, wekundu ukabaki. Siku nne baadaye wakiwa na pikapu nyeupe, akapenga tena, akamletea kaka yake tambara.

"Tazama hapa, kaka."

"Hilo bado ni la zimamoto."

"Siku nne?"

"Kwani pua ni kikombe, ukisuuza mara moja kimetakata?"

Wakacheka wote wawili. Fundi bodi, yule anayenyoosha mabati kwa nyundo na ambaye mdomo wake hufanya kazi kuliko nyundo, akadakia kutoka chini ya gari: "Mwacheni, huyo yuko kwenye siku zake!" Kicheko kikazidi. Tambara likatupwa kwenye pipa.

Baada ya damu ikaja kuziba. Tundu la kulia likagoma kabisa. Pafu akawa analala mdomo wazi, akiamka ulimi umekauka kama kipande cha ngozi. Akaanza kusemea puani, na fundi bodi akapata kazi mpya ya kumwigiza. Kisha pua yenyewe ikaanza kuinuka upande mmoja, karibu na jicho, kama bati lililogongwa kwa ndani. Jicho aliliona hilo kabla ya mtu yeyote. Kuona ndiyo kazi yake. Ila alijiambia ni vumbi la msasa limeganda na rangi, litatoka lenyewe siku moja kwenye chafya kubwa.

Wakati huohuo ikaja kazi ya manispaa: malori kumi na mawili ya taka, yote yapakwe kijani kilekile cha zamani. Kijani kile kiwandani hawakitengenezi tena. Mtu wa manispaa alikwisha zunguka gereji tatu na kukataliwa. Jicho akachukua kifuniko cha lori moja, akakaa nacho nje toka asubuhi mpaka saa sita. Akachanganya bluu, njano, nyeusi kidogo, kisha akaongeza kijiko cha kahawia ambacho hakumwonyesha mtu. Alipokilaza kipande cha bati juu ya kifuniko, mtu wa manispaa alivua miwani, akaivaa tena, akasema, "Wewe bwana ni mchawi."

Kwa hiyo kijani kile kilikuwa mtoto wake. Alikizaa mwenyewe, na Pafu ndiye aliyekipuliza, lori baada ya lori, wiki baada ya wiki. Leso za Pafu zikawa kijani, na ndani ya kijani kuna nyuzi nyekundu. Safari hii mkewe hakufanya mzaha. Alikuja gereji mwenyewe, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni.

"Shemeji," akamwambia Jicho, "kesho nenda naye hospitali. Ukimwacha peke yake atafika getini, atanunua soda, atarudi."

"Ni nyama za pua tu, shemeji. Watu kibao wanazo."

"Kama ni nyama, zitolewe. Mimi silali. Nakaa namsikiliza kama atavuta pumzi nyingine."

Wakaenda.

Daktari wa pua na masikio alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, na taa imefungwa kwenye paji la uso kama mchimba madini. Hakuwa na maneno mengi. Akamlaza Pafu kwenye kiti kinachoinamia nyuma, akachungulia tundu la kulia. Akachungulia tena. Akamuuliza kama amepungua uzito, kama anatoka jasho usingizini, kama fizi zinatoa damu akipiga mswaki. Pafu akajibu hapana, kidogo, ndiyo.

"Hizi si zile nyama za pua za kawaida," daktari akasema. "Nitatia ganzi, nikate kipande kidogo kikapimwe."

Jicho alisimama ukutani, mikono nyuma. Alisikia mkasi ukibana kitu laini, akasikia Pafu akigugumia. Kisha daktari akaweka kipande kwenye kisahani cha chuma kilicho juu ya meza, na kikatulia hapo, ukubwa wa punje ya harage.

Kilikuwa kijani.

Hakikuwa kijani cha usaha wala cha kamasi. Kilikuwa kijani kizito, kilichotulia, chenye ukahawia kidogo kwa chini. Jicho alikiona, moyo wake ukashuka pahali pake kama mtu aliyetua mzigo. Akacheka kwa sauti mle ndani.

"Daktari, hata usihangaike kukipima. Hiyo ni rangi yangu."

"Rangi gani?"

"Ya malori ya taka. Nimeichanganya kwa mikono hii. Huyu anaipuliza mwezi wa pili sasa, bila barakoa, kichwa ngumu. Imegandiana humo ndani."

Pafu, kichwa kimeinamia nyuma na pamba zimejaa puani, akacheka kwa tabu. "Manispaa wamehamia puani!"

Daktari hakucheka. Alimtuma nesi chumba cha pili alete chupa yenye dawa ya kuhifadhia, kisha akavuta kiti, akakaa karibu na Pafu.

"Rangi haina mishipa," akasema. "Hiki kina mishipa, kimetoka damu nilipokikata. Sikilizeni. Kuna uvimbe wa nadra unaotokana na saratani ya damu. Mimi nimewahi kuuona kwenye picha tu, nikiwa masomoni. Huota mahali popote, kwenye mfupa, kwenye ngozi, na mara chache sana puani. Na ukiukata ukiwa mbichi, huwa na ukijani. Sisemi ndio huu. Nasema unafanana. Wakati mwingine uvimbe hutangulia na damu yenyewe haijaonyesha kitu bado, na hapo ndipo pazuri pa kuanzia dawa. Nataka kumtoa damu leo hii."

"Kansa ya damu, halafu iwe puani?" Pafu akamwambia dari. "Daktari, si ingekaa kwenye damu?"

"Damu inafika kila mahali."

Jicho hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa akitazama kisahani.

Kijani kilikuwa kinaondoka. Kilianzia pembeni, pale kipande kilipokuwa chembamba, kikawa kama majivu. Kisha kikaingia ndani, polepole, kama maji yanavyokauka kwenye sakafu. Jicho alikodoa macho. Alisogea hatua moja. Rangi aliijua hupauka vipi. Hupaukia juani, kwa miaka, huanza kwenye paa la gari na mdomo wa boneti. Hakuna rangi duniani inayopauka kwenye kivuli, juu ya meza, mtu akiwa anaongea. Nesi aliporudi na chupa, kipande kile kilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nesi akakitumbukiza, akafunga kifuniko, akaandika. Hakujua kilikuwaje kabla. Daktari alikuwa amewapa mgongo, anatafuta karatasi. Pafu alikuwa anatazama dari.

Aliyeona ni mmoja tu.

"Kaka," Pafu akasema. "Unasemaje? Wewe ndiye mwenye jicho. Nitoe damu au twende zetu?"

Hapo ndipo nafasi ilipokuwa. Neno moja tu lilitakiwa. Angeweza kusema, nimekosea, si rangi. Lakini alikuwa amekwisha sema, tena kwa kicheko, mbele ya mwanamke mwenye taa usoni aliyesoma miaka yote hiyo, yeye ambaye shule aliiacha darasa la sita. Miaka thelathini hakuwahi kurudisha neno lake juu ya rangi. Na kulikuwa na jambo lingine chini yake, baya zaidi: kama ni rangi, mdogo wake ni mzima. Alikitaka kijani kile kiwe chake.

"Nimeshasema," akajibu. "Ni rangi."

Pafu akainuka kwenye kiti. Daktari akawafuata mpaka mlangoni. "Basi majibu ya kipande yakitoka, mje. Niachieni namba."

Pafu simu yake ilikuwa imevunjika kioo, iko kwa fundi. Akaacha namba ya gereji.

Ikawa sasa Jicho anamtibu mdogo wake kama mtu anavyotibu bodi. Alimfukiza mvuke wa maji moto, blanketi kichwani. Alimpa maji ya chumvi avute puani. Siku moja akalowesha pamba kwenye thina, ile ya kuyeyushia rangi, akaipitisha kwenye tundu la pua, kidogo tu, ncha ya kijiti. Pafu aliruka kama aliyeumwa na siafu, damu ikatiririka mpaka kwenye viatu, na kwenye damu ile Jicho akachungulia kama kuna kijani. Hakukuwepo. Akaitoa barakoa msumarini, akaiosha, akamvika kwa mikono yake.

"Sasa ndio unanivisha?" Pafu akasema.

"Vaa, usiongee sana."

Hospitali ikapiga simu. Jicho ndiye aliyepokea, mkono mmoja una rangi. Sauti ya nesi ikasema majibu yametoka, mgonjwa aje haraka, tena aje na mtu wake. Hayo ya mwisho Jicho aliyaelewa vizuri sana. Mtu haambiwi aje na mtu wake kwa ajili ya rangi.

Akamwendea mdogo wake aliyekuwa akibandika magazeti kwenye vioo vya lori la sita.

"Wale wa hospitali wamepiga. Wanataka urudi, pengine wakukate tena."

"Wakate nini tena?"

"Nitajuaje? Labda ile ya kwanza waliipenda."

Fundi bodi akacheka, Pafu akacheka, na safari ikafia hapo. Hakumdanganya, ukitazama neno kwa neno. Alimwambia wamepiga, alimwambia wanataka arudi. Simu ya pili ilipokuja, wiki iliyofuata, alisema, "Wamepiga tena wale," bila kuinua uso kutoka kwenye kopo. Pafu akaitikia, "Haya, tumalize malori kwanza."

Methali inasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Haikusema kitu juu ya anayeficha maradhi ya mwenzake.

Malori hayakumalizika. Fizi za Pafu zilivimba mpaka meno yakawa mafupi. Mapajani na mikononi yakatokea madoa ya zambarau, kana kwamba kuna mtu alikuwa akimjaribia rangi usiku. Alianza kukaa chini kati ya tabaka moja la rangi na lingine, yeye aliyekuwa akibana pumzi taa ya mbele mpaka taa ya nyuma. Fundi bodi naye akaacha kumwigiza. Siku hiyo ndiyo aliyoogopa Jicho hasa, siku mdomo ule uliponyamaza.

Saa nne ya asubuhi moja, kwenye lori la tisa, bunduki ya rangi ilianguka sakafuni ikaendelea kutoa mlio, *fsss*, ikipaka saruji. Walipozunguka upande wa pili walimkuta Pafu amekaa, mgongo kwenye tairi, damu inamtoka matundu yote mawili, na macho yanawatazama kama mtu anayeomba radhi kwa kuchafua.

Safari hii damu ilitolewa bila kuulizwa mtu. Jibu lilirudi siku hiyohiyo.

Daktari yule wa taa aliwaita Jicho na shemeji yake katika chumba chake. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Alisema saratani ya damu sasa imejaa kwenye damu yenyewe na kwenye uboho wa mifupa. Alisema atahamishiwa wodi ya dawa nzito, zile za dripu, na wataanza leo, ila mwili ni dhaifu na dawa ni kali. Kisha akafungua faili.

"Majibu ya kipande cha pua yalikuwa hapa wiki saba. Wakati ule damu ingeweza kuwa bado safi. Tulipiga simu mara mbili."

"Mlimpigia nani?" mke wa Pafu akauliza.

Daktari akasoma namba. Mwanamke akageuza shingo, akamtazama Jicho, na Jicho akatazama faili.

"Nilimwambia," akasema.

Walipoingia wodini, mkewe alimuuliza Pafu hata kabla ya kumpa maji: "Kaka yako alikuambia kwamba hospitali walipiga?"

Pafu akamtazama kaka yake. "Aliniambia," akasema. "Mimi ndiye niliyepuuza."

Neno lile Jicho alitembea nalo siku mbili. Siku ya tatu akaenda saa ya kuona wagonjwa, shemeji yake akiwa bado kazini. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda kumi na vinne, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Pafu alikuwa na sindano ya dripu mkononi, midomo imechubuka, pua imefungwa. Jicho akakaa kwenye kiti cha plastiki. Akauliza kama amekula. Akauliza kama manesi ni wazuri.

"Kuna kitu," akasema.

"Sema."

"Kile kipande. Kwenye kisahani."

"Kile cha kijani."

"Kilipauka. Mbele ya macho yangu, wakati daktari anaongea nawe. Nesi alipokuja na chupa kilikuwa hakina rangi tena."

Pafu akafikiri. Hata pale, na dripu mkononi, aliuliza swali la fundi. "Dakika ngapi?"

"Hazikufika kumi."

"Kivulini?"

"Kivulini."

"Rangi haifanyi hivyo."

"Haifanyi."

"Na ulijua haifanyi hivyo."

"Nilijua."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikohoa, akaacha. Dripu ikadondoka, ikadondoka. Pafu alikuwa akitazama juu, na Jicho akaona ni kama siku ile, kichwa kimelala vilevile.

"Mimi nilikuwa natazama dari," Pafu akasema. "Mimi sikuona. Ndiyo maana nilikuuliza, kaka."

"Mdogo wangu..."

"Nilikuuliza kabisa. Unasemaje, nilikuambia. Nitoe damu au twende zetu."

"Niliogopa."

"Hukuogopa. Ulikuwa umeshasema." Akafumba macho. "Nenda kazini."

Jicho hakwenda kazini. Alikaa kwenye benchi la ukumbini mpaka saa ya wageni ikaisha. Kesho yake akarudi, na nesi akatoka mlangoni kumwambia mgonjwa amechoka. Kesho kutwa, amechoka. Shemeji yake alimkuta hapo benchini siku ya tano, akasimama mbele yake.

"Mbona huingii?"

"Anasema amechoka."

"Mimi ananipokea. Mmegombana nini?"

"Hatujagombana."

Shemeji akaingia, mlango ukarudi nyuma yake. Kupitia kioo cha mlango Jicho alimwona mdogo wake akinyweshwa uji kwa kijiko, na kijiko kikirudi nusu. Alikuja kila siku. Kila siku alipewa neno lilelile na nesi yuleyule, mpaka nesi akawa hasemi, anatikisa kichwa tu kutoka mbali. Siku ya kumi na tisa ya dawa, nesi alikuja mpaka benchini, akakaa kando yake. Kwa jinsi alivyokaa, Jicho akajua.

Msibani wenzake wa gereji walikuja wote, wamenawa kwa sabuni ya unga lakini kucha zina rangi. Fundi bodi alilia kwa kwikwi kama mtoto aliyechapwa. Walikaa kwenye viti vya kuazima uani, na mazungumzo yakawa ni yaleyale.

"Ni rangi iliyomuua."

"Rangi, nini kingine? Humo puani mlikuwa mmejaa kijani, Jicho mwenyewe aliona."

"Mimi kuanzia kesho navaa barakoa mpaka chooni," fundi bodi akasema, akijipangusa.

Wakamshika Jicho mabega. Wakasema kaka wa kumkalia mgonjwa benchini siku zote zile hapatikani siku hizi, ndugu wa sasa huona taabu kutuma hata salamu. Jicho aliinamisha kichwa. Walidhani ni majonzi, nayo yalikuwepo. Ila sifa walizokuwa wakimpa hazikuwa zake, naye akazipokea zote, mkono kwa mkono, mpaka viti vikakusanywa.

Malori matatu yalikuwa bado, na la tisa liliishia nusu. Mtu wa manispaa alikuja, akatoa pole, akauliza kwa aibu. Jicho akafungua makopo. Katika moyo wake alitarajia jicho limwangushe, mkono ukosee, kijani kitoke cha ajabu, apate walau hiyo adhabu. Akachanganya, akapulizia bati, akalipeleka juani na kulilaza juu ya lori la kwanza. Hapakuonekana mpaka. Jicho lilikuwa zima kabisa, kama siku zote, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Jioni ile alikwenda kwa shemeji yake. Mwanamke alikuwa ameketi chini, anakunja nguo za marehemu, za nyumbani upande huu, za kazini upande ule. Alimkaribisha bila kuinuka. Jicho hakukaa.

"Shemeji, kuna jambo sikukuambia. Siku ile ya kwanza hospitalini, daktari alipokata..."

"Kilipauka," akasema mwanamke.

Jicho akamuuliza amejuaje.

"Aliniambia jioni ileile uliyomwambia. Yote. Kisahani, nesi, chupa. Pale benchini nilikuuliza nikijua." Alikunja shati, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, akalipiga liwe bapa. "Nilikuona msibani wanakusifu. Nikangoja uwaambie. Nikasema labda anaona haya mbele za watu, atakuja. Umekuja siku ya kumi na moja."

"Sikujua nianzie wapi."

"Aliniomba nisikuchukie. Alisema wewe ndiye uliyemlea, na kwamba mtu mmoja kukuchukia, yaani yeye, anatosha." Akaweka shati juu ya mengine. "Nimejaribu, shemeji. Wallahi nimejaribu. Nimeshindwa."

Akainuka, akajipangusa magotini. Akaenda mlangoni, akaufungua, akaushika wazi mpaka Jicho alipotoka.